Viti vya Mama Pendo

Kuna aibu ambayo ukiisimulia watu wanacheka na wewe unacheka nao, halafu kuna hii ya kwangu, ambayo watu wanacheka na mimi nabaki nimeshika kikombe nawaangalia tu. Lakini mmeniomba niseme, haya, nasema. Ni mimi yule mwanamke wa Kashaulili aliyenyimwa nafasi ya mtoto kwenye chekechea ya serikali kwa sababu alionekana tajiri. Mimi, niliyekuwa nalala kwenye mkeka na mwanangu, tunagombania shuka moja.

Ilikuwa miaka ya tisini, enzi zile Mpanda bado iko ndani ya mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Mpimbwe kumfuata mume mjini, na mume mwenyewe alikaa na mimi mpaka mtoto wetu Vero alipoanza kutambaa, akasema anakwenda Inyonga kulima tumbaku msimu mmoja, akarudi mara moja kuchukua koti, basi, ikawa ndiyo imetoka. (Waliotoka huko walisema kaoa. Mimi nilikuwa nawajibu kwamba wamemfananisha.) Nikabaki na chumba cha kupanga na kibarua cha kupepeta mpunga kwenye mashine ya kukoboa, Vero amekaa pembeni yangu kwenye vumbi la pumba tangu asubuhi mpaka jua linazama, kope zake nyeupe kama za bibi kizee.

Sasa Mungu si Athumani, mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stesheni ya treni akaniambia anataka mtu wa kumsaidia jikoni, kazi ya kudumu, chakula hapohapo. Nilitaka kumpigia magoti. Akaongeza neno moja tu: "Ila mtoto jikoni kwangu hapana. Mafuta ya moto hayana macho." Na mimi Vero sina pa kumwacha, kwetu mbali, ndugu mjini sina, na mtoto wa miaka mitatu huwezi kumfungia ndani kama kuku.

Ndipo likaja tangazo kwamba chekechea ya serikali pale mtaani itachukua watoto wachache wa familia zenye hali duni, bure kabisa, wanashinda pale na uji wanapewa. Nilikimbia kwa balozi wetu wa nyumba kumi kuandikisha jina kabla hata hajamaliza kulieleza vizuri. Akaniandika, akasema, "Mama Vero, Alhamisi bibi maendeleo atapita kuona unavyoishi. Ujiandae." Yule mama wa mgahawa naye akakubali kunisubiri hadi Jumatatu yake.

Ujiandae. Nyie niambieni, mtu akikwambia ujiandae, unajiandaaje? Kwa maisha yangu yote mtu wa serikali akija nyumbani anakuja kukagua. Bwana afya akija kwetu kijijini, siku mbili kabla baba anachimba shimo la taka, mama anapanga vyombo juu ya kichanja, sisi watoto tunafagia mpaka porini, na asiye na kichanja anaazima cha jirani, maana ukikutwa mchafu unatozwa faini na unasemwa mkutanoni. Na mbali na faini kuna ugeni: mgeni haketi chini, hanywi kwenye kikombe kilichomeguka. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Basi nikajiambia, huyu bibi maendeleo anataka kuona kama mimi ni mama wa maana, anayeweza kuleta mtoto msafi kwenye chekechea yao, na akiona chumba changu cha mkeka na ndoo atasema huyu mchafu, tumpite. Nikaamua kuazima viti. Viti tu, wallahi, nilikuwa nimeamua viti tu.

Nikaenda kwa Mama Pendo, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye mume wake alikuwa na duka la spea za baiskeli sokoni. Yeye alikuwa na viti vya sponji vyenye vitambaa vya kufuma, nyumba nzima inang'aa. Akasikiliza, akasema, "Shoga, chukua. Mgeni wa serikali huyo." Akanipa viti. Akaona viti bila meza havina sura, akanipa na meza. Akaleta chupa ya chai na vikombe vyenye maua. Akasema ukutani kwako peupe, akang'oa saa yake ya ukutani. Nilipofika mlangoni akaniita tena, "Na redio, Mama Vero, chukua na redio," halafu pazia, halafu gauni la Pendo la Krismasi na viatu vyake nimvalishe Vero. Mimi nilikuwa nabeba tu na kushukuru mpaka midomo ikakauka. Niliona nimepata dada.

Alhamisi bibi maendeleo akaja na balozi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Akakaa kwenye kiti, kikamkubali. Nikammiminia chai ya maziwa. Nikamwekea kuku (huyo alikuwa wangu, kuku wangu wa pekee, nilimchinja asubuhi huku namwomba msamaha). Akala akasifu. Akamwangalia Vero na viatu vyake, akasema, "Mtoto umemtunza." Nikafurahi kama nimefaulu mtihani.

Akauliza, "Na redio inashika vizuri huku?"

"Vizuri sana," nikasema.

"Baba Vero yuko wapi?"

Hapo nyie, hapo ndipo pa kunichapa. Nimekaa kwenye kiti cha sponji, saa inatembea ukutani, chai inatoa moshi, na mdomo wa mtu aliyesifiwa muda huo huo ukashindwa kusema nimeachwa. Nikasema, "Yuko Inyonga kikazi. Anashughulika na tumbaku." Balozi akakohoa. Yeye alijua. Mtaa mzima ulijua, na Jumapili zote balozi huyo alikuwa anakaa kwenye viti vilevile kwa Mama Pendo akinywa chai na baba Pendo, lakini alikuwa na paja la kuku wangu mkononi, akaendelea kulitafuna.

Wakatoka. Mimi nikasimama mlangoni nikiwaaga kwa mikono miwili, na nikawaona wanavuka kwenda kwa Mama Pendo. Nikadhani wanapita kusalimia. Kumbe na yeye alikuwa ameandikisha jina. Mama Pendo aliwapokea akiwa ameketi sakafuni kwenye jamvi, nyumba tupu inatoa mwangwi, dirisha halina pazia, ukutani msumari mtupu, na Pendo amesimama peku na kishimizi kilichochanika, maana gauni lake zuri lilikuwa kwangu. Niliona kwa mlango ulioachwa wazi bibi maendeleo anavyotikisa kichwa kwa huruma. Hata maji ya kunywa alipewa kwenye kopo.

Jioni nikataka kurudisha vitu. Mama Pendo akanizuia mlangoni. "Kaa navyo kwanza shoga, wanaweza kurudi." Nikasema Mungu ambariki. Mimi hapo akili yangu ilikuwa bado imelala.

Jumamosi tukaitwa uwanjani pale chekechea kusomewa majina. Watu walikuwa wengi, hata wasio na watoto walikuja kuangalia. Vero nilimvalisha lile gauni (alikuwa amekataa kulivua, na mimi nikaona leo ni siku yake). Majina yakasomwa, likaja la Mama Pendo, akapigiwa makofi kidogo, yakaendelea, yakaisha. Langu halikuwemo. Nikadhani wamelisahau. Nikasimama, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili, nikauliza kwa sauti kama nimepotelewa na mzigo stesheni.

Bibi maendeleo hakukasirika. Alinijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma. "Mama Vero, nilikuja kwako. Una viti vizuri, una redio, una saa, mume ana kazi ya tumbaku, mnakula kuku siku ya kazi. Mimi mwenyewe nyumbani sina viti kama vile. Waachie na wenzako wenye shida."

Watu wakacheka. Wale wa mtaani kwetu ndio walicheka zaidi, maana walijua. Nikasema, "Mama, vile vitu si vyangu. Niliazima."

"Kwa nani?"

Nikageuka nikamwangalia Mama Pendo. Nilikuwa na uhakika atasema. Nilishaanza hata kuupanga uso wangu kwa ajili ya kusamehewa. Alikuwa amemshika Pendo mkono, akaangalia mchanga, akasema taratibu, "Mimi nina viti gani? Si mlikuja mkaona."

Nikamwita balozi. "Balozi, wewe si unavijua? Si unavikalia kila Jumapili?" Balozi akatoa leso akafuta jasho. Akasema, "Mambo ya vyombo vya majumbani mimi siyaingilii." Na wale majirani wote waliokuwa wanacheka, nilipowaangalia mmoja mmoja wakawa wanatafuta kitu angani. Hakuna aliyetaka kuonekana amemnyang'anya mtoto wa mwenzake uji.

Basi nikaona nimeshaanguka, wacha nigaagae. Nikasema mbele ya watu wote, "Mume wangu hayupo Inyonga kikazi. Aliniacha. Ana mke mwingine kule." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mdomo wangu, hata mama yangu mzazi sikuwahi kumwambia, na nililisema uwanjani, kwa kelele, mbele ya watu waliokuja kuangalia.

Bibi maendeleo akavua miwani. "Alhamisi ulisema yupo kazini, leo unasema kakuacha. Mama, mimi niandike lipi?"

Wakacheka tena. Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Wenzake wanaachiwa watoto, huyu kaachiwa na viti." Hata mimi ningecheka kama angekuwa mwingine. Nikamchukua Vero nikaondoka, na gauni la Krismasi linameremeta juani, ushahidi kamili.

Njiani hasira ikanipanda. Nikajiambia, kama Mama Pendo hana viti, basi vilivyoko kwangu ni vyangu, amesema mwenyewe mbele ya serikali. Nikafika nikavitoa vyote nje, viti, meza, redio, saa, nikavipanga kando ya barabara na kutangaza kwamba nauza. Mwuza maharage mmoja kutoka Mwese akasimama, akakaa kwenye kiti, akakibonyeza sponji, tukaanza kuelewana bei. Kwa muda mfupi nilikuwa tajiri kweli.

Mama Pendo alikuja na mume wake na balozi, wanatembea haraka. Baba Pendo akasema mimi ni mwizi, anipeleke polisi. Nikamwambia aende, na afike akaeleze polisi mke wake alisema nini uwanjani. Na balozi yuleyule ambaye asubuhi alikuwa haingilii mambo ya vyombo, akasimama katikati ya barabara akasema bila hata kumeza mate, "Viti hivi ni vya Mama Pendo. Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima ukaitikia ndiyo. Sasa wote walikuwa na midomo.

Nikamwuliza, "Balozi, kwa nini hukusema kule?"

Akasema, "Kule ilikuwa habari ya watoto. Huku ni habari ya mali ya mtu."

Mwuza maharage akainuka kwenye kiti, akajipangusa, akaenda zake. Wakabeba vitu vyao. Nikawa nawasaidia kubeba, msiniulize kwa nini, mikono ilikuwa inafanya yenyewe kwa mazoea. Mama Pendo hakuniangalia mpaka vimeisha, halafu akasimama pale na akasema kwa sauti ndogo, "Na gauni, Mama Vero."

Nikamvua Vero palepale barabarani. Alilishikilia kiunoni, nikamfungua vidole. Hakulia, aliniuliza tu, "Mama, nimechafua?" Nikamwambia hapana, hujachafua kitu. Nikamfunga khanga yangu, nikabaki na gauni la ndani na kitenge kilichochakaa mbele ya watu, na hapo ndipo mtaa ulipoacha kucheka, lakini mimi sikuwa na haja nao tena.

Jumatatu nilikwenda mgahawani na Vero mkononi, nikasema huenda akakaa nje mlangoni. Mwenye mgahawa akatuangalia wote wawili, akasema amesikitika, na akamwita ndani dada mwingine ambaye alikuwa anasubiri. Mchana nikarudi kwenye mashine. Msimamizi hata hakuniuliza nilikuwa wapi, alinirushia ungo.

Mama Pendo hatukuwahi kugombana. Tulisalimiana miaka yote mpaka nilipohama, habari za asubuhi, nzuri, kila siku, na mpaka leo sijui kama siku ile alinipa vile vitu kwa wema akapata wazo baadaye, au alikuwa nalo tangu anang'oa saa ukutani. Nimewaza pande zote. Kama ni wema, uliniumiza zaidi.

Mimi nilichoapa ni hiki: mtu wa ofisi yoyote akija kwangu, simwazimii hata kijiko. Namkaribisha mkekani, na kabla hajauliza namwambia mwenyewe, niliachwa, sina kitu, andika. Mnaniambia sina adabu kwa wageni, na kwa malezi niliyopewa ni kweli sina. Wageni wengine wanaandika vizuri, wengine wameshanisaidia. Lakini kila nikiyasema hayo maneno najikuta nimeinama na nimeshika kifundo cha khanga yangu kwa nguvu, utafikiri mtu amesimama mlangoni anasubiri niivue nimpe.