Mashine ya Mzaliwa wa Kwanza

Katika ukoo wetu mtu haruhusiwi hata kufa njaa mpaka kikao kikae na kupitisha. Nayasema haya nikiwa na akili zangu timamu, kwa sababu nimeyaona.

Mama alipata kiharusi. Alipotoka hospitali, daktari alitueleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kuona ndugu wa wagonjwa wengi: koo la mama limelegea, kila anachokula kisagwe kiwe laini kama uji mzito, pasiwe na donge hata moja, maana donge likikosea njia litamwua. Jambo lenyewe ndilo hilo. Mtu mwenye ubongo angekwenda dukani kununua mashine ya kusagia chakula cha mgonjwa mmoja. Sisi tuliunda kamati.

Kikao kilifanyika Butiama, nyumbani, kwa viti vya kukodi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ana ofisi Musoma na hasahau kukukumbusha, alikuwa mwenyekiti. Tukasali, tukasomewa ajenda, ndipo watu wakaanza kuiagiza mashine ya mama kila mtu kwa tumbo lake. Baba mdogo aliuliza kama itaweza kusaga na chakula cha kuku. Shangazi alitaka inayokanda unga wa keki, kwa sababu harusi haziishi. Mwingine akataka inayokamua juisi, wageni wasije wakatuona washamba. Ilipofika zamu yangu, mashine ilikuwa inakatakata, inakwaruza, inakanda, inakamua, ilibaki kuchunga ng'ombe tu. Mama mwenyewe alikuwa chumbani na mdogo wangu wa mwisho, anayemuuguza, akipoozewa uji ambao alikwisha kuuchoka.

Nilisimama nikasema mama anakula kikombe kimoja kwa mlo, tutafute kitu kidogo kinachosaga laini, basi.

"Binti," baba mdogo akasema, "wewe uliolewa huko Bunda. Hapa tunakusikilizaga kwa heshima tu."

Nikakaa. Si kwa heshima. Nilihofia mdomo wangu.

Wiki iliyofuata kaka alileta boksi ambalo ungeweza kumlaza mbuzi ndani. Likapigwa picha mlangoni, likapigwa picha mezani, kaka akapigwa picha ameliegemea. "Hii ina fanksheni saba," alisema, na katika zile saba hapakuwa na hata moja ya mama. Bakuli lake lilikuwa pana kama karai. Ukitia samaki na viazi vya mtu mmoja, visu vinazunguka mara moja, chakula kinarushwa ukutani kinagandamana huko, na visu vinabaki kusaga hewa. Unazima, unakwangua, unawasha, kinaruka tena. Ukiijaza chakula cha watu kumi inafanya kazi vizuri, siikatalii. Ni mashine ya kukatia vitunguu vya pilau ya msiba. Kile kikombe cha mama nilikipitisha kwenye chujio la chai, na juu ya chujio vikabaki vipande kama punje za mtama.

"Hivyo vidogo, atameza," kaka alisema, akaondoka kuwahi Musoma.

Mkubwa jalala, husema wahenga. Wa kwetu ni kabati la vioo: la kutazamwa tu.

Nilifunga duka langu la vitenge pale Kabasa, Bunda, nikapika sato, nikamtoa miiba kwa vidole, maana hakuna mashine inayojua mwiba, nikamtia kwenye hotpoti pamoja na viazi vitamu na mchicha. Nikapanda gari kwenda Musoma na chakula changu na chujio langu. Duka la kwanza, muuzaji alinionyesha uwezo wa blenda yake kwa kusaga maji. Nilimwambia maji yalikuwa laini tangu ziwani. Duka la pili walinieleza rangi gani itaendana na jiko langu. Nilipofungua hotpoti, dada wa pale alirudi nyuma kama nimefungua choo.

Duka la tatu lilikuwa la alhaji mmoja mzee mwenye kofia safi. Nilimwamkia, nikamweleza shida.

"Humo una nini?"

"Sato, viazi na mchicha."

"Weka. Ukichafua utaosha."

Tulijaribu. Blenda ya jagi kubwa ilikiacha chakula kimelala chini ya visu, kikombe kimoja hakivifikii. Ile ya kuvuta kamba ilikatakata tu. Tukajaribu nyembamba ya kushika mkononi, unayoizamisha ndani ya kikombe chenyewe. Chakula kikapita chote kwenye chujio, likabaki tone la mafuta. Nilifurahi hadi nikataka kulia mle dukani, na alhaji akacheka.

"Dada yangu, wateja wangu wanachaguaga kwa kusoma boksi. Wewe ndiyo wa kwanza kuja na mboga."

Basi nikafika Butiama nikijiona mshindi. Ujinga wangu ulikuwa huo: nilidhani mama yuko upande wangu.

Aliniona na kale kamashine mkononi. Maneno yake sasa ni mazito, lakini yanasikika. "Ya kaka yako iko wapi?"

"Ipo, mama. Hii inasaga laini zaidi."

Akafunga mdomo. Kwetu kitu kinacholetwa nyumbani na mzaliwa wa kwanza hakiwekwi pembeni; kukiweka pembeni ni kumwambia mbele ya watu kwamba si mwanaume. Nilimwambia atapaliwa. "Nipaliwe," akasema.

Mdogo wangu akawasha lile karai. Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili mama akapaliwa, macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Tulimwinamisha, tukampiga mgongoni, mdogo wangu akilia na mimi nikiita watakatifu wote ninaowajua. Kikatoka kipande cha kiazi kisichozidi ukucha wa mtoto. Mama akajifuta machozi kwa kanga.

"Mashine ni nzuri," akasema. "Koo langu ndilo baya."

Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau kaka saa ile. Na mama, Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Nilitoka nje nikampigia simu kaka, nikamsimulia yote, nikamwomba amwambie mama neno moja tu, kwamba ameruhusu atumie nyingine.

"Mdogo wangu, mashine ilipitishwa na ukoo," alijibu. "Kuibadilisha inabidi tusubiri kikao."

Nilikata simu bila kuaga.

Asubuhi yake tulilisogeza lile karai mezani, mama aliweza kuliona vizuri kutoka kwenye godoro lake. Mdogo wangu akaliwasha tupu. Likanguruma nyumba nzima. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, nimezamisha kamashine kangu ndani ya kikombe. Tulizima kwa pamoja. Mama alikula kikombe chote, akaomba tukwangue chini.

"Mwambieni kaka yenu," alisema, "leo imesaga."

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Kila mlo lile dude linasaga hewa mbele ya mama, na mama anarudi mwili. Mashavu yameanza kuonekana. Kaka anapokea pongezi za ukoo kwenye simu, na anazijibu moja moja. Jumapili iliyopita alikuja, akamkuta mama anakula vizuri, akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

"Mmeona? Tatizo lenu mlikuwa hamjui kuitumia."

Mdogo wangu akatazama chini. Mama alikuwa ananisubiri mimi, kijiko kiko mdomoni bado, hajameza.

"Ndiyo, kaka," nikasema. "Tulikuwa hatujui."

Akameza.