Ngozi Mbichi ya Kora

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja huko Haltom City, Texas, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili. Msimamizi wangu alikuwa ameirudisha rasimu ya tasnifu yangu, nami nikawa mtu wa kujishuku hata ninapotia chumvi mchuzini. Nilikwenda kumtazama Mzee Lamini, Mmandinka wa Afrika Magharibi ambaye ukoo wake huunda na kupiga kora, ile ala ya nyuzi nyingi ya kuwaimbia watu sifa, baba hadi mwana. Kiswahili alikipata Lubumbashi, alikouza vitambaa ujanani.

Gerejini ngozi ya ng'ombe ilikuwa imetoka majini, imelazwa juu ya nusu ya kibuyu kikubwa. Samaki mkunje angali mbichi, na ngozi ni vivyo hivyo: ikikauka kabla ya kuwambwa, haina dawa. Wiki iliyofuata mjukuu wa mzee angepewa jina, na kora hiyo ilikuwa yake. Mara mwanawe, ambaye angevuta naye ngozi hiyo, akapiga simu: gari limemharibikia mji wa mbali, Mesquite.

"Shika huku, binti," mzee akaniambia.

Nikarudi nyuma. Nilikuwa nimesoma kwamba kazi hii ni ya waliozaliwa ndani yake, nikamweleza hivyo kwa adabu, pamoja na hoja za pande zote mbili. Jua la Texas nalo lilikwisha kuifikia ngozi.

"Weye ni mtu wa wapi?" akanikatiza.

"Msukuma, mzee. Tanzania."

"Wasukuma, walaji wa maharagwe. Kwetu tusi hilo tunamupaka mtani tu."

Nikajibu kabla sijafikiri: "Heri maharagwe yetu, mzee. Nyinyi mnashiba kwa kumsifu mwenye chungu."

Akacheka hadi akaegemea ukuta. "Sasa, mtani wa kwenu anangojaka kualikwa?"

Hangoji. Kwetu mtani huingia hata msibani na kushika kazi asiyotumwa. Nikaikamata ngozi, nikavuta. Naye akavuta kwake, akipigilia misumari na kuwasema Wasukuma wote, walio hai na waliotangulia. Mtoto alipewa jina kora ikilia.

Mwanangu, heshimu cha watu, na uliza kabla ya kugusa. Lakini ukishaitwa na mwenyewe, usimjibu kwa hotuba; mgeni njoo, mwenyeji apone. Mungu akupe watani wakali wa maneno na wepesi wa kusamehe, na kila mlango utakaofunguliwa uingie ukicheka.