Wiki ya Kuinywesha Mashua

Juzi fundi bajaji wa mtaani kwetu hapa Chuno aliwasha moto chini ya kopo, akawa anayeyusha lami ya kuziba bati la kibanda chake. Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani. Harufu iliponifikia, miguu ikagoma. Nikashusha ndoo katikati ya njia, nikasimama tu. Bodaboda akanipigia honi, akapita pembeni akisema, "We dada, umeota mizizi?"

Lami ya moto. Na mimi nikanusa na mafuta ya ini la papa juu yake, ingawa pale hayakuwepo. Kwangu harufu hizo mbili ni kitu kimoja, ni mashua ya baba. Ngoja niwaeleze sasa hivi, maana nikianza kuzunguka nitaghairi, na nimeshaghairi mara nyingi.

Tulikuwa tunakaa karibu na mdomo wa Ruvuma, pale ambapo huwezi kusema kama ulipo ni mtoni au baharini. Mikoko huku, mashamba ya mpunga kule. Baba alikuwa anavusha watu: wenye mashamba visiwani, wenye shangazi zao ng'ambo Msumbiji, mwenye mbuzi asiyetaka kupanda, mama mwenye gunia la mihogo mikavu na watoto watatu. Mashua yenyewe ilikuwa ya mbao, ndefu, ya kwenda kwa makasia na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini. Watu walimwona baba ana mali. Sisi tulioishi na hiyo mali ndio tuliojua inavyokula.

Ilikula kabla yetu. Pamba ya kuziba nyufa ilinunuliwa kabla ya unga. Misumari kabla ya sabuni. Mara kamba imeoza, mara kasia limepasuka, mara maboya yamekaguliwa yakaonekana hayafai, mara leseni imeisha. Mama aliiita mke mwenzake. Baba akiingia nyumbani jioni, swali la kwanza ni hilo: "Haya, mwenzangu kala nini leo?"

Siku moja alirudi na dumu zima la mafuta ya kuipaka. Mama akanyoosha miguu yake mbele ya baba.

"Mwenzangu anapakwa mpaka mgongoni. Mimi hivi visigino unaweza kusugulia sufuria."

"Huyo ndiye anayekuletea unga," baba akasema. "Msalimie."

"Mwambie hajambo. Na mwambie zamu yake imezidi."

Tulicheka sana. Mimi nilidhani ni utani mtupu.

Kilichokuwa kinaimaliza mashua yetu ni funza. Ni funza wa maji ya chumvi, mweupe, laini kama tambi iliyoiva. Anaingia kwenye ubao kwa tundu dogo kama la sindano, halafu anaishi humo ndani akitafuna. Ukiutazama ubao kwa nje, mzima kabisa, unang'aa. Ndani umeshakuwa ngazi na vyumba. Baba aliiunguza mashua kwa chini kwa moto wa makuti, akaipaka lami na mafuta, lakini dawa hasa ilikuwa maji matamu. Kila baada ya miezi michache aliipeleka juu mtoni, kona baada ya kona, mpaka pale chumvi isipofika. Akaiacha imejaa maji na kufungwa kwenye miti wiki nzima. Funza yule hawezi maji matamu, anafia humo humo. Sisi tuliita kuinywesha. "Mashua imekwenda kunywa," tuliwaambia watu waliokuja kutaka kuvuka, nao walirudi wakinung'unika.

Wiki hiyo nyumbani hakukuwa na kitu. Tulikula mihogo asubuhi, mihogo mchana, na mama akipika jioni anatuambia tukisie ni chakula gani.

Halafu mashua ikirudi inanuka. Nyie, inanuka! Funza wote wale wamekufa ndani ya mbao. Abiria walipanda na kanga puani. "Nahodha, umebeba maiti humu?" Baba anajibu, "Ukitaka marashi subiri harusi." Mimi niliona aibu, nilikuwa nakaa mbele kabisa ili watu wasinijue ni mtoto wa nani.

Sasa, ni nani aliyekuwa anasema chumvi imeishia wapi? Mimi. Baba alitafuna tumbaku toka ujana wake, alisema ulimi wake umekufa kama kiatu. Mama alikuwa haendi mtoni. Kwa hiyo toka nina miaka saba nilipanda mbele ya mashua na kopo, na kila kona baba aliuliza, "Yakoje, mama?" Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilichota, nikazungusha mdomoni, nikatema, nikasema chumvi, au bado, au yanakaribia. Nikisema matamu, baba anachomeka upondo tunasimama. Mtu mzima na mashua yake anasimamishwa na ulimi wangu. Niliringa mpaka shuleni.

Ila kulikuwa na sharti. Maji yakipwa, yanayoshuka kutoka juu yanakudanganya, unaonja juu unakuta matamu. Lazima usubiri yajae, uchote chini kabisa, kwa chupa iliyofungwa jiwe, ndipo uonje tena. Chumvi inatembea chini chini. Kusubiri huko ni nusu siku. Na mimi, mtaniona hata kwenye kuandika kwangu, kusubiri sikuzaliwa nako.

Kiangazi kile nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo. Mto ulikuwa umekonda, na mto ukikonda bahari inapanda mbali. Tulitoka alfajiri, tukafika kona tuliyoizoea, maji yamepwa. Nikaonja. Matamu. Baba akaifunga mashua, akaniambia, "Yakijaa chota chini uonje tena. Mimi nakwenda kukata miti ya kuizuia."

Siku hiyo hiyo kijijini walikuwa wanawatoa watoto jandoni. Binamu yangu alikuwa mmoja wao. Ngoma ilikuwa inaanza saa nane, wali ulikuwa umepikwa toka jana, na mimi nilikuwa nimeshonewa gauni, la kwanza maishani kushonwa kwa vipimo vyangu. Nilikaa ukingoni nikitazama maji yanavyopanda taratibu kwenye mizizi, taratibu kama yananikomoa.

Yakajaa. Nikatupa chupa na jiwe lake, nikavuta, nikaonja.

Yalikuwa na chumvi. Si nyingi. Kama ukilamba mkono wako baada ya kulima. Nikaonja tena, labda nimekosea. Sikukosea.

Nilijua maana yake. Maana yake ni kufungua kamba, kupanda kona mbili au tatu mbele, kupita kwa tahadhari kwenye dimbwi la viboko, na kulala huko. Gauni langu litabaki kwenye msumari.

Baba akatokea na miti begani, jasho linamtiririka.

"Yakoje, mama?"

"Matamu."

"Umechota chini?"

"Chini kabisa. Matamu kama ya kisimani."

Aliweka miti chini. Hakuonja. Kwa nini aonje? Akasema, "Basi twende, utawahi ngoma yako." Tukarudi kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga, mimi mbele, nakimbia, baba nyuma ananicheka. Nilicheza siku ile mpaka nyayo zikawaka moto.

Baada ya wiki tukaenda na baba kuirudisha. Nilimwona anavyoinama, anaweka pua yake kwenye mbao za chini, anakaa hivyo kwa muda. Mimi nilikuwa nafurahi. Mnajua kwa nini nilifurahi? Kwa sababu safari ile haikunuka. Nilikaa katikati ya abiria, sina aibu. Niliwaza hivyo tu, wallahi, na akili zangu zote za darasa la saba. Harufu ya kufa ndiyo ilikuwa dalili ya kupona, na mimi nilishukuru kutoisikia.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, ya kulala. Ikaja orodha ya vitu: godoro, tranka, sare, ndoo, jembe, na mengine. Baba alivusha kama mtu aliyepandwa na kitu. Watu wakimwambia apumzike anasema atapumzika shule zikifungua. Mama akatania kwamba safari hii mwenzake anafunga, kula hali.

Mvua zikaanza. Siku chache kabla sijaondoka, mashua ikiwa imejaa watu na mizigo, ubao wa pembeni mwa mkuku, ule mti mkuu wa chini, uliachia. Mimi sikuwemo. Nimesimuliwa na mama mmoja aliyekuwemo, alisema maji hayakuingia kwa kuvuja, yalifunguliwa mlango. Baba aliruka mtoni akaiegemeza kwa mabega, akaisukuma kuelekea fungu la mchanga, na watu wote wakashuka wakiwa hai. Mto ulichukua unga, na baiskeli ya mwalimu, na kuku kwenye tenga lao.

Walipoivuta nchi kavu aliitwa fundi, mzee mmoja mkali aliyeitengeneza mashua ile miaka yote. Nilisimama pale nimeshika kopo la lami, nikidhani itazibwa. Fundi akachomoa kisu chake, akakichomeka kwenye ubao. Kikaingia mpaka kwenye mpini kama amekata mkate. Akachomeka kwingine, na kwingine. Akamgeukia baba.

"Hii ilikunywa lini?"

Baba hakunitazama.

"Ilikunywa kiangazi," akasema. "Wiki nzima. Hizi mbao zilikuwa mbovu toka zamani, we mwenyewe unajua."

"Mimi sijui hivyo," fundi akasema.

"Basi mimi najua."

Wakaivunja. Misumari iliyofaa ikang'olewa na kunyooshwa, makasia na mbao chache nzima zikauzwa, na hilo ndilo godoro langu. Mama alilifunga kwa kamba, akalipiga kofi kama mtu anayemuaga mgeni. "Mwenzangu kakununulia," akasema. Nikamngoja acheke. Hakucheka, akaingia ndani, na nikamsikia analia kama amefiwa.

Nikiwa kidato cha kwanza walihamia huku mjini. Baba alipata kazi ya ulinzi kwenye stoo ya saruji. Mtu aliyekuwa anasoma mto kwa upondo akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki, anafungua geti na kulifunga. Vumbi likamwingia kifuani. Nikirudi likizo alikuwa na mchezo wake mmoja. Nikimletea maji ya kunywa, hapokei kikombe. Anasema, "Onja kwanza. Yakoje, mama?" Nami naonja, nasema matamu, anakunywa. Maji ya bomba! Nilifikiri anakumbuka enzi zetu. Hata hospitali, siku za mwisho, sauti imebaki kidogo tu, nesi akashangaa mgonjwa hataki kunywa mpaka mtoto wake aonje. Nikaonja. Nikasema, "Matamu, baba." Akanywa yote.

Miaka yote ile nilijifariji kwa kitu kimoja. Baba alimwambia fundi mbao zilikuwa mbovu toka zamani, kwa hiyo aliamini hivyo, kwa hiyo siri ni yangu peke yangu, na wa kuumia ni mimi tu.

Juzi nilifika nyumbani na ndoo, harufu ya lami imenikaa kooni, nikamwambia mama. Nilimwambia yote, nimesimama, bila hata kumsalimia. Gauni, chupa, chumvi.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Haikunuka," akasema.

"Nini?"

"Mwenzangu. Siku aliyorudi hakunuka. Baba yako alinifuata jikoni kule kijijini akaniambia, mwenzako hakunywa, yule mtoto alikuwa na haraka ya ngoma. Nikamwambia mrudishe juu basi. Akasema wiki nyingine bila kuvusha, halafu matokeo yakitoka mtoto tunampeleka shule na nini? Akasema ataivusha hivyo hivyo, huenda ikafika." Akapuliza makapi. "Akasema na wewe usimwambie, atakuja kuogopa ulimi wake."

Mama akanisogezea ungo nimsaidie, nikakaa.

Toka juzi nimekuwa nikihesabu vikombe. Vile vya likizo, vile vya hospitali. Alijua ulimi huu ulishamdanganya mara moja, na ile mara moja ilimlia mashua, na mto, na pengine kifua. Na bado kila kikombe alinipa mimi kwanza, akaniuliza, akangoja jibu, akanywa.