Enid Prosser na Sauti ya Kaka Yake

Miaka arobaini na mmoja Enid Prosser alishona glavu katika kiwanda cha Aldenbrook, na katika miaka yote hiyo hakurudishiwa jozi hata moja. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne, siku ya Ijumaa, na Jumatatu akaingia kiwandani. Kama kulikuwa na mtu mjini aliyeona hiyo ni aibu, hakuthubutu kumwambia usoni.

Kaka yake, Amos Pugh, alivunja mawe kwenye machimbo ya mlimani siku sita za juma, na siku ya saba akaimba kanisani. Sauti yake ilikuwa ya kiume, nyepesi, inayokwenda mbele kama mtu anayejua njia. Bwana Gervase Lovell, mtunzi wa muziki aliyekaa kwenye nyumba ya matofali karibu na kinu, alimsikia Jumapili moja, akarudi nyumbani akatunga nyimbo sita za mchunga kondoo. Ni nyimbo za mtu mmoja na piano moja tu. Katika wa kwanza kondoo wanazaa, katika wa sita mchunga anabebwa kwenda kaburini theluji ikianguka. Watu wa London walitaka mwimbaji wa London. Lovell akawaambia nyimbo hizo amezikata kwa kipimo cha koo la Amos, na hana kipimo kingine.

Basi mwaka 1928 Amos akaazima viatu, akapanda treni, akaimba mbele ya mashine ya kurekodia ya kampuni moja ndogo iliyokufa zamani, na kesho yake asubuhi akawa machimboni. Miaka mitano baadaye vumbi la mawe lilimmaliza kifua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alichoacha ni santuri tatu nyeusi, kila upande wimbo mmoja.

Sasa ilikuwa 1976, Lovell angetimiza miaka mia, na mji ulitaka nyimbo zake zisikike kanisani mbele ya watu wote. Wa kuchagua santuri ipi ipigwe walikuwa Chama cha Gramafoni cha Aldenbrook, watu kumi na tisa waliokutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kusomea. Enid alikuwa mwanachama wa miaka miwili. Alijiunga kwa sababu hiyo hiyo moja, wala hakuificha: alitaka mji umsikie kaka yake kabla yeye mwenyewe hajafa.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Aubrey Tranter, mwalimu mstaafu wa Kilatini, na chama kiliendeshwa kwa kanuni alizozitunga yeye. Mashine ya kupigia santuri ilikaa nyuma ya pazia la mbao ili watu wasione santuri wakapendelea. Hakuna aliyeigusa isipokuwa mwenyekiti. Na santuri zote nyeusi za zamani zilizungushwa kwa mwendo mmoja, mara sabini na nane kwa dakika, bila kupunguza wala kuongeza.

"Tutasikia wimbo wa kwanza na wa sita," alisema Bwana Tranter, "kutoka kwa waimbaji watatu. Andikeni alama kwenye karatasi zenu. Na tafadhali, Bi. Beddoes, sindano hizo za kufumia zinapiga kelele."

"Zinapiga kelele kwa mpangilio, Bwana Tranter," alijibu Olwen Beddoes, mwenye duka la nyuzi za sufu, bila kuinua macho. Alikuwa amekaa ubavuni mwa Enid kama kawaida.

Mwimbaji wa kwanza alikuwa msafi kama shati lililopigwa pasi. Wa pili alikuwa kijana, na mpiga piano wake alikuwa hodari hasa. Enid, ambaye hakuwa mtu wa kunyima anayestahili, alimwandikia alama nzuri. Kisha nyuma ya pazia ukaanza mchakacho wa santuri ya zamani.

"Nyama ya nguruwe hiyo inakaangwa," Olwen alinong'ona. "Huyo ni wenu. Pazia la nini sasa?"

Enid hakucheka. Amos alianza kuimba, na kama kila mara katika ukumbi ule, hakuwa Amos. Alivuta miguu. Sauti ilikuwa nene, nzito, kama mtu aliyeamshwa baada ya kula sana. Wimbo wa sita ulikuwa mbaya zaidi: mchunga alibebwa kaburini taratibu mno hata ungedhani wabebaji wamepotea njia. Nyuma yake mtu alipiga miayo. Mwishoni piano ikagonga noti moja ya chini kabisa, ikanguruma, ikafa.

"Ni kumbukumbu tu, si zaidi," Bwana Tranter alisema akitoka nyuma ya pazia. "Tunamheshimu Pugh, lakini alikuwa na usingizi."

"Nyumbani kwangu hana usingizi," Enid akasema.

Watu wakageuka.

"Bi. Prosser, ni kaka yako. Ungesema nini kingine?"

"Ningesema alikuwa mbaya, kama angekuwa mbaya. Mume wangu alikuwa akiimba pia, na mlinisikia nikimsifu?"

Ukumbi ukacheka, kwa maana marehemu Prosser walimkumbuka. Bwana Tranter alitangaza chai, kisha kura. Watu wakasogea kwenye birika na keki ya zabibu.

Enid alibaki kitini. Ile noti ya mwisho ilikuwa bado masikioni mwake na ilimkera, kama mshono uliopinda. Alikuwa na miaka kumi na saba Lovell na kaka yake walipofanya mazoezi kwenye nyumba ya matofali, na kazi yake ilikuwa kufunua kurasa, amekaa kushoto kwa Lovell. Kila walipofika mwisho wa wimbo wa sita Lovell alisema, "Nipishe, binti," akanyoosha mkono mbele ya Enid hadi mwisho wa kushoto wa piano. Kibao cha mwisho kabisa, chenye noti ya chini kuliko zote. Baada ya hapo ni mbao.

Akainuka, akaenda kwenye piano ya ukumbi, akakigonga kibao cha mwisho kushoto. Akakigonga tena.

"Enid, mwenzangu, chai inapoa," Olwen alimwita.

"Iache ipoe. Bwana Tranter! Niwekee mwisho wa ule wa sita."

"Bi. Prosser, kanuni..."

"Nataka mwisho tu. Usiponiwekea nitaweka mwenyewe, na kanuni yako itavunjika vibaya zaidi."

Labda alimwekea ili wamalizane. Noti ikanguruma. Enid akagonga kibao chake, na hata mwenye keki mdomoni alisikia: noti ya santuri ilikuwa chini ya ile ya piano.

"Piano yetu ni mbovu," alisema mtu.

"Imerekebishwa Jumanne," Olwen akasema. "Nililipa mimi."

Bwana Tranter alitabasamu kama alivyowatabasamia wanafunzi. "Ni jambo la kawaida. Waimbaji wenye sauti nzito huteremsha wimbo mzima, upigwe chini kidogo ili uwatoshe. Pugh aliuteremsha."

"Kitabu cha nyimbo unacho?"

Alikuwa nacho, bila shaka. Akafungua ukurasa wa mwisho.

"Noti ya mwisho Lovell ameandika ipi?"

"Hiyo unayoigonga."

"Kibao cha mwisho."

"Cha mwisho, ndiyo."

"Basi njoo hapa unionyeshe kaka yangu aliteremsha wapi." Enid akasogea pembeni kumpisha. "Njoo, baba. Nionyeshe kibao kilicho chini ya hiki, na mpiga piano wake alikigonga kwa kidole gani."

Bwana Tranter alikuja. Aliutazama mwisho wa piano, akaweka kidole kwenye kibao cha mwisho, kisha kidole kikasogea kushoto, kikagusa mbao. Ni lazima nimpe haki yake: alikuwa na kiburi, lakini mjinga hakuwa, na ukweli aliupenda kuliko kanuni, japo kwa tofauti ndogo.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna. Sasa nani ana usingizi, Amos au mashine yako?"

"Walimrekodi kwa mwendo wa kasi zaidi," alisema polepole, kama anayejisomea. "Na sisi tumekuwa tukimvuta nyuma, na sauti yote ikashuka. Miaka yote ishirini na miwili ya chama hiki. Nyumbani unazungusha kwa mwendo gani?"

"Sijui namba. Gramafoni yangu ina kijiti pembeni. Nakisukuma hadi awe yeye."

"Mungu wangu," alisema Bwana Tranter.

Akasogeza pazia pembeni, jambo ambalo halijapata kutokea. Enid akasimama kwenye piano akigonga kibao cha mwisho, naye Bwana Tranter akazungusha kitufe cha mwendo wa mashine kidogo kidogo hadi noti mbili zikawa moja. Kisha akaanza wimbo upya.

Amos akaingia ukumbini. Mchunga akabebwa mlimani na wanaume wenye miguu imara, sauti nyepesi ikiwatangulia, na theluji ilianguka upesi kama inavyoanguka kwetu. Aliyepiga miayo alikaa wima. Olwen aliacha kufuma.

Kura zilipohesabiwa, Amos Pugh alipata kumi na tatu. Enid alimpa yeye kura yake, ila aliandika chini kwamba piano ya yule kijana wa pili ni bora, kwa sababu ni kweli.

Jumapili ya kwanza ya Novemba kanisa lilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Bwana Tranter alieleza mambo mengi kuhusu Lovell, kisha akarudi kukaa, kwa maana kitufe alikuwa amekabidhiwa Enid. Alivaa kofia yake ya bluu. Alikiweka pale panapotakiwa, akashusha sindano, akasimama kando ya mashine, mikono mbele, bila kumtazama mtu.

Katika safu ya pili alikuwapo Reuben Gittins, mzee wa miaka themanini na moja aliyevunja mawe pamoja na Amos. Mwanawe alimleta ili abadili hewa tu, maana alisikia kwa shida na mengi hakuyafuata tena. Amos alipofika ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza, mzee alishika kiti kilicho mbele yake, akajiinua.

"Pugh huyo!" alisema kwa sauti ya machimboni, kanisa zima likasikia. "Huyo Amos Pugh! Nani kasema kafa?"

"Baba, kaa," mwanawe alimvuta koti.

"Mwache asimame," Enid alisema. "Anasikia vizuri."