Kuulizwa Kwanza

Mwaka ule wa sabini na kitu chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nasi wanafunzi tukaamriwa kurudi makwetu na kuripoti kwa chifu kila wiki. Mimi niliripoti Kakuma. Wiki ya tatu chifu alikuwa safarini Lokichoggio, na karani wake, mtu wa mkoa wa Magharibi aliyekaushwa na jua letu, akanikabidhi bahasha iliyokuja na lori la Lodwar. Nilikuwa nimefukuzwa. Kosa langu lilikuwa kurusha mawe na kuchoma gari la mhadhiri. Nikitia sahihi fomu ya kukiri yote, huenda ningerudishwa.

Jiwe nilirusha, moja tu, na halikumpata mtu. Gari sikuligusa. Lakini katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika chuo kikuu, na hofu ilinikaba. Nikaomba kalamu. Karani alisema nimefanya la busara, mkono usioweza kuukata, ubusu.

Baba, aliyekuja kutafuta dawa ya mbuzi, alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda chake. Akauliza karatasi inasema nini. Nikamtafsiria yote, na la jiwe nikalikiri, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kufichwa. Akamgeukia karani kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nani aliuliza huyu?"

Karani akamwambia kwamba kamati ilikaa Nairobi ikaamua.

"Bila yeye? Sisi hapa, mtu ya kuiba mbuzi tunauliza yeye kwanza. Anaongea mpaka anamaliza. Halafu tunachapa."

Karani alicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akavuta taipureta, akaandika kwamba mwanafunzi huyu hakuitwa wala hakusikilizwa, na anaomba asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Akagonga muhuri wa chifu bila ruhusa ya chifu. Angeweza kufutwa kazi kwa ajili yangu, na mimi hata kikombe cha chai sikuwahi kumnunulia. Nampenda mpaka leo.

Kamati iliniita. Nilisafiri kwa malori hadi Kitale, kisha Nairobi, nikasimama mbele ya wakubwa saba. Nikaeleza habari za jiwe. Nilipoanza kueleza za gari, mwenyekiti alitazama saa, akasema inatosha. Badala ya kunifukuza, wakanisimamisha mwaka mmoja. Nilishukuru, japo moyo uliniuma.

Niliporudi, baba hakuuliza habari ya adhabu. Aliuliza kama waliniacha niongee mpaka nikamaliza. Nilimtazama alivyokuwa akilingoja jibu, nikasema ndiyo, baba, mpaka mwisho. Uso ukamchanua. Akasema basi wale nao ni watu, akaenda kunichinjia beberu.