Kilele cha Kilima cha Mahurunga

Upupu umeniingia mgongoni, nipo katikati ya kilima, na sina ruhusa ya kutoa hata mguno. Anayeujua upupu atanielewa. Machozi yanatoka, kamasi zinatoka, mdomo nimeufumba kama chaza.

Mliokulia Mahurunga miaka ya tisini, miaka ya kuanika betri za redio juani, mnakikumbuka kile kilima nyuma ya mikorosho. Nyasi tupu, mviringo kama kichwa cha mzee aliyetoka kunyolewa. Bibi alikuwa akituambia, "Kile kimelala. Mkikiamsha mtajua wenyewe." Sisi tukafanya mchezo: tunapanda kimya, atakayetoa sauti anarudi chini kuanza upya. Wa kwanza kufika kileleni anapiga ukelele, na ndiye anayekalia karara la mnazi na kuteleza nalo mpaka bondeni. Wengine macho tu.

Mimi nilikuwa sijalikalia hata siku moja. Na ile ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho, kesho yake tunahamia mjini, Rahaleo, baba kapata kazi bandarini. Selemani wa jirani alishateleza mara nne, roho yake haikutosheka. Kuona nimemtangulia, akanimwagia upupu shingoni. Kumbe alitoka nao kwao, kaufunga kwenye jani la mgomba.

Nikapanda hivyo hivyo, najikuna kama mbwa. Nilipofika juu nikapiga ukelele wa miaka yangu yote.

Mwamuzi alikuwa Somoe, mtoto wa mama mdogo. Akasema bila haya, "Hujafika, dada. Kilele kile pale mbele."

"Mbele wapi, mbona kunashuka?"

Selemani akadakia, "Umeshasema mara mbili wewe. Rudi chini."

Nikarudi. Nilipofika juu tena, karara lilishapasuka chini ya makalio ya Selemani.

Watoto wa leo mnapandishwa na bodaboda, mkifika mnajipiga picha, mkiulizwa mlikuwa wapi mnatazama simu. Sisi tulikijua kilima kile kwa nyayo.

Shule niliishia la nne, sheria sizijui. Lakini Selemani sasa ana wajukuu, na Somoe anasuluhisha ndoa za watu kana kwamba hajawahi kupotosha hukumu. Msimu huu wa korosho nakwenda Mahurunga. Waje wote wawili, mchana kweupe. Mimi nitasimama pale pale nilipopiga ukelele, wao wasimame kwenye hicho kilele chao, halafu waniambie nani yuko juu ya mwenzake.