Bi Kimya na Kitufe cha Bluu

Kazini walimwita Bi Kimya, na kwao nyumbani waliposikia jina hilo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yake alikuwa muuza vitunguu sokoni, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyelala mtaa wa tatu. Shangazi yake ndiye aliyeitwa kila palipozuka ugomvi, si kuja kuusuluhisha bali kuukoleza. Katika nyumba ile mtoto asiyepaza sauti alikosa hata mchuzi. Sasa binti wa nyumba hiyohiyo, mwenye mdomo kuliko wote, akaenda kuajiriwa kazi ya kunyamaza.

"Yaani wewe," mama yake alimwambia, "wanakulipa ufunge domo? Mbona sisi tulikuomba bure miaka yote hukutaka?"

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Ofisi yao ilitengeneza programu ya simu ya kuonyeshana picha: unaweka picha yako, watu wanaitazama, wanakusifu au wanakutukana, mradi wasitoke humo. Kila walipobuni jambo jipya waliita watu wa kawaida waje kulijaribu. Muuza duka, mwalimu, mama wa nyumbani, kila mmoja kwa zamu yake aliketishwa kwenye kiti katika chumba kidogo chenye meza, simu ya majaribio na kamera ukutani, akapewa zoezi la kufanya. Bi Kimya aliketi kando yake. Sheria ilikuwa moja tu: usimsaidie. Akihangaika, mwache ahangaike, maana ukimwonyesha njia hutajua kama angeipata mwenyewe. Aliruhusiwa maswali mawili: "Unafikiria nini?" na "Umemaliza?" Nyuma ya kioo cheusi walikaa wakubwa wakitazama, na maagizo yao yalimfikia kwa kidude alichokitia sikioni.

Sheria hiyo hakuichukia, ilikuwa na maana yake. Alichokichukia, alichokiota, alichokilaani akiwa jikoni kwake akikatakata vitunguu vya mama yake, kilikuwa kitufe cha bluu.

Ukitaka kumzuia mtu asione picha zako, unabonyeza vinukta vitatu kando ya jina lake, kisha neno Zuia, na hapo ungedhani mambo yamekwisha. Wapi! Kinachomoza kidirisha, na katikati yake kitufe cha bluu, kinono, kimekaa kama bwana harusi: "Pumzika naye." Chini yake, kwa maandishi membamba ya kijivu ambayo hata mwenye macho mazima huyapita, kumeandikwa: "Zuia kabisa." Ukibonyeza cha bluu, wewe ndiye huzioni tena picha za yule mtu wala maneno anayokuandikia. Yeye anaendelea kuziona zako zote, kwa raha zake. Yaani umefumba macho yako mwenyewe ukadhani umefunga mlango.

Na karibu wote waliokalia kile kiti walibonyeza cha bluu. Alipowauliza, "Umemaliza?" walitabasamu wakasema wamemaliza. Kwenye matokeo ikaandikwa kwamba wamefaulu, tena upesi. Si mara moja wala mbili Bi Kimya alimwendea mkuu wao, bwana mmoja waliyembandika jina la Grafu kwa sababu hakujua kuongea bila kuchora mstari unaopanda. Alimwambia hawa watu hawajafaulu, wamedanganyika.

"Mtu akizuiwa kabisa anakasirika, anaihama programu," Grafu alimjibu. "Tukimpumzisha tu, anabaki. Na huyu mwingine ameridhika. Huoni anavyotabasamu?"

Anatabasamu kwa sababu hajui, wewe! Lakini hilo Bi Kimya alilisema akiwa ameshafika mezani kwake, peke yake, akiuma meno.

Ndipo asubuhi moja akaja fundi wa kushona nguo, mwanamke wa makamo na sindano zake zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, mwenyewe amezisahau. Akakaa. Akapewa simu ya majaribio, akaambiwa aizuie akaunti moja ya mfano. Hakuchelewa hata kidogo. Vinukta vitatu, Zuia, kitufe cha bluu, kwisha.

"Umemaliza?" Bi Kimya akauliza.

"Nimemaliza, dada. Hili nalijua, nilimfanyia hivihivi baba wa mtoto wangu." Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Alinipiga mpaka nikamkimbia, akanitafuta mji mzima. Nilikuwa siweki hata picha ya kitambaa. Siku niliyomzuia ndiyo nikapumua. Sasa nimefungua duka langu, naweka picha bila wasiwasi, wateja wananipata. Hebu tazama."

Akatoa simu yake mwenyewe pochini. Picha ya kwanza ilikuwa ya duka: mlango wa kijani, cherehani dirishani, na kibao juu chenye jina la mtaa. Ya pili ilikuwa ya msichana mwenye sare mpya, kasimama mbele ya geti la shule, na jina la shule limekaa juu ya kichwa chake, herufi kubwa kubwa.

"Mwanangu huyo. Nimempiga picha leo asubuhi. Kapendeza, eti?"

Bi Kimya alilisoma jina la shule, akarudi akalisoma jina la mtaa. Kwenye kidude cha sikioni sauti ya Grafu ikaingia, laini kabisa. "Safi sana, amefaulu. Mpe zoezi la pili. Usimwambie kitu, utaharibu matokeo."

Utaharibu matokeo! Lo! Hapo ukoo mzima wa wauza vitunguu ukaamka kifuani mwake. Alikichomoa kile kidude sikioni, akakibwaga mezani, akakigeukia kioo cheusi.

"Matokeo gani, Grafu? Matokeo gani, nakuuliza! Mtoto wa watu kaanikwa kama nguo kambani, na sisi tunaandika mama yake amefaulu? Huna hata haya?"

Fundi akashtuka, akashika pochi yake. Bi Kimya akamgeukia, na sauti ikamshuka.

"Dada yangu, hujamzuia. Hapa hujamzuia, na kule nyumbani hukumzuia. Wewe ndiye humwoni. Yeye anakuona siku zote."

"Usinitanie, dada."

"Natamani ningekuwa nakutania. Nipe simu."

Akalitafuta jina la yule mwanamume kwenye orodha ya waliopumzishwa, akaliondoa lile pumziko. Papo hapo maneno yaliyokuwa yamefichwa yakajitokeza, picha moja baada ya nyingine. Wateja waliyaona siku zote, majirani waliyaona, asiyeyaona ni mwenyewe. Chini ya picha ya duka: "Hongera. Nimepita hapo jana, ulikuwa umeinama unakata kitambaa." Chini ya picha ya msichana: "Kakua huyu. Leo namfuata mwenyewe."

Fundi hakulia. Alisimama tu, akakaa, akasimama tena. Bi Kimya alibonyeza yale maandishi ya kijivu, akamzuia yule mtu kabisa, kisha akamshika fundi mkono wakatoka. Kwenye korido Grafu aliwaziba njia akisema zoezi halijaisha. Bi Kimya alimtolea uvivu mbele ya wafanyakazi wote, maneno ambayo hapa siyarudii, na teksi ilipokuja wakaondoka.

Walimkuta yule mwanamume katika ofisi ya shule. Kakaa, miguu kaikunja nne, kavaa shati la kupigwa pasi, anaongea na mwalimu mkuu kwa adabu ya kukukata maini. Mimi ndiye baba, kitambulisho changu hiki, nimekuja kumchukua mwanangu. Msichana kasimama kando na mkoba wake mgongoni, tayari kwa safari.

Bi Kimya alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akautumia wote. Alipiga kelele mpaka madirisha ya madarasa yakajaa vichwa. Akasema huyu mtu ni nani, alimfanya nini mama wa mtoto, na kwamba mtoto huyu hatoki hapa na yeye, labda wapite juu ya maiti yake. Walimu wakaja, mlinzi akaja, hata wapishi wakaja na mwiko mkononi. Fundi akamvuta mwanawe, akamkumbatia asimwachie.

Mwanamume akainuka pole pole, akajipangusa suruali.

"Kelele za nini? Kwani nimeiba?" akasema. "Duka kanionyesha yeye. Shule kanionyesha yeye. Kama hataki nione, si angenizuia?"

Mwalimu mkuu akamtazama fundi. "Na kweli, mama. Mambo ya mtoto unayaweka mtandaoni ya nini?"

Jamani! Aliyepigwa ndiye anayeulizwa! Fundi akajaribu kusema kwamba alimzuia, kwamba alibonyeza, na hakuna aliyemsikiliza. Yule mwanamume alisindikizwa mpaka getini. Alitoka akitabasamu, na kabla ya kupotea aligeuka akampungia mtoto mkono.

Jioni ile fundi alifunga duka. Kaka yake alikuja na mkokoteni, wakapakia cherehani, vitambaa na nguo za wateja ambazo hazijaisha, na ule mlango wa kijani ukabaki na kufuli. Bi Kimya alisaidia kubeba. Msichana alimwuliza, "Shangazi, na shule je?" Bi Kimya akaupokea mkoba wake wa shule, akaupakia juu ya vitambaa.

Kesho yake aliitwa. Mama Mkurugenzi mwenyewe, mkubwa wao wote, alikuja kusikiliza, akakaa nyuma ya kioo cheusi kwa sababu Bi Kimya alisema hazungumzi mahali pengine ila katika chumba cha majaribio. Grafu aliingia kanuna, shingo imemsimama.

"Sheria umeivunja, zoezi umeliharibu, mgeni umemtia hofu," akaanza. "Na yote kwa sababu mtu hakusoma! Maandishi yapo. Kama hakutaka aonwe, si angezuia?"

Maneno yaleyale. Bi Kimya aliyasikia jana, yakitoka kwenye shati la kupigwa pasi. Alihisi shangazi yake anamsukuma mgongoni aamke amrarue huyu mtu. Mate akayameza. Alinyoosha mkono, akaiwasha kamera, taa yake nyekundu ikawaka, kisha akakisogeza mbele kile kiti.

"Kaa, mkuu. Zuia hiyo akaunti ya mfano. Nionyeshe mtu mwangalifu anavyofanya."

Grafu akacheka kwa kejeli, akakaa, akaichukua simu. Vinukta vitatu, Zuia. Kidirisha kikachomoza, na dole gumba likakipita kitufe cha bluu bila hata kusita, likateremka moja kwa moja kwenye maandishi ya kijivu. Halikutafuta. Lilikuwa limezoea.

"Unafikiria nini?" Bi Kimya akauliza, kwa sauti yake ya kazi.

"Nafikiria unanipotezea muda. Jambo lenyewe rahisi! Hicho cha bluu unakiruka, maana chenyewe hakimzuii mtu, kila mtu humu ndani anajua. Hata mke wangu nilimwambia siku ile alipokuwa anasumbuliwa na..."

Akaitazama simu, akaitazama ile taa nyekundu ukutani, kisha akakigeukia kioo cheusi. Kule nyuma ya kioo kiti kilisikika kikiburuzwa, mtu anainuka. Grafu akairudisha simu mezani haraka, kama inayomchoma.

Bi Kimya hakumsaidia. Aliegemea kiti chake, akakunja mikono mapajani, akasubiri kama alivyofundishwa. Kisha akamwuliza swali la pili.

"Umemaliza?"